Aliyekula Boriti Hakuwa Sisimizi

Kila asubuhi harufu ya mkate ilitangulia, ndipo dirisha la duka likafunguliwa. Nyuma ya dirisha alisimama mwoka mikate mwenyewe, mtu mnene mwenye mikono mipana. Mtaa mzima ulimwita Hamira. Walisema tumbo lake huumuka kila mwaka kama unga uliotiwa hamira. Yeye hakukasirika.

"Mwoka mikate mwembamba ni wa kutiliwa shaka," alijibu, huku akikufungia mikate yako.

Mama yake mzazi alikaa karibu na tanuri, akichekecha unga. Alikuwa bibi wa vitendawili. Wajukuu zake wawili, mabinti wa Hamira, mkubwa wa miaka kumi na moja na mdogo wa miaka saba, hawakuondoka kwenda shule kabla hawajategewa kimoja.

"Kitendawili," alisema Bibi.

"Tega."

"Nimemlaza mwembamba, nimemwamsha mnene."

"Baba," akasema mdogo.

"Ni unga uliotiwa hamira," akasema Bibi. "Lakini baba yenu naye si jibu baya."

Mbele ya nyumba kulikuwa na duka na tanuri. Nyuma kulikuwa na vyumba vya kulala. Juu ya chumba cha mabinti kulikuwa na dari ya mbao, na darini ndiko magunia ya unga yalikohifadhiwa. Uzito wote ulibebwa na boriti moja nene. Boriti hiyo iliwekwa na marehemu baba yake Hamira, na Hamira aliipenda kama ndugu. Aliipigapiga kwa kiganja na kusema, "Boriti hii itatuzika sote."

Kazi ya mikate ina adui wake. Adui wa Hamira alikuwa sisimizi. Kabati la sukari lilisimama kwa miguu minne, na kila mguu ulikuwa ndani ya kopo la maji. Vizingiti alivinyunyizia majivu ya tanuri. Meza ya kukandia aliifuta kwa siki asubuhi na jioni.

"Miaka kumi na saba," alijisifu mbele ya wateja. "Miaka kumi na saba hakuna sisimizi aliyeonja sukari yangu akaenda kuwahadithia wenzake."

Basi mvua zikaanza.

Siku ya tatu ya mvua, mke wa Hamira alikuwa akifagia chumba cha mabinti. Chini ya dirisha alikuta mbawa ndogo ndogo, nyingi, nyepesi kama maganda ya kitunguu. Akainama. Nyuma ya kitanda, kwenye pembe ya sakafu, aliona mstari wa udongo umepanda ukutani. Ulikuwa mwembamba kama penseli. Ulifika usawa wa mto wa kulalia, ukaingia kwenye ufa.

"Baba watoto," aliita. "Njoo uone kitu huku."

Hamira alikuja na kisu cha kukatia unga. Akakwangua ule mstari. Ulikuwa na uwazi ndani, kama mrija. Wadudu wadogo wakatoka mbio, wakitafuta pa kujificha.

"Sisimizi," akasema Hamira.

"Mbona weupe?"

"Wametembea kwenye unga. Hata mimi jioni huwa mweupe."

Mkewe hakuridhika. "Na hizi mbawa? Si ni kumbikumbi hawa?"

"Kumbikumbi nawajua mimi, wakubwa kama punje za mahindi. Hawa ni vijidudu tu. Sisimizi wakishiba huota mbawa." Akapangusa kisu. "Wamenusa sukari. Lakini adui akiwa chini, wewe unapanda juu."

Siku hiyo hiyo aliyachukua magunia mawili ya sukari kutoka dukani, akayapandisha darini. Sasa juu ya ile boriti kulikuwa na magunia manane. Ukuta akaupaka chokaa. Kizingiti cha mabinti akakiongezea majivu. Akalala usingizi wa mshindi.

Baada ya siku nne, mlango wa chumba cha mabinti uliinama upande. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Kwa bahati, kila asubuhi kulikuja mteja mmoja aliyechukua mikate miwili, naye alikuwa fundi seremala. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Watu walimwita Mama Randa, kwa kuwa mkoba wake haukukosa randa hata alipokwenda kuhani msiba.

"Fundi," akasema Hamira, "leo mikate yako ni zawadi. Ila unitazamie mlango mmoja huko ndani."

"Zawadi ya mwoka mikate ina kazi ndani yake," akasema Mama Randa. "Nionyeshe."

Alimsalimu Bibi kwa heshima, kisha akaingia chumbani. Akaishika skrubu ya bawaba kwa vidole viwili. Ikatoka yenyewe, bila bisibisi. Akagonga fremu ya mlango juu: ko, ko. Akagonga chini: pu, pu. Akabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ya nje ikapasuka, kidole kikazama. Ndani ya fremu mlikuwa na udongo na matundu.

Akageuka kutazama nyuma ya kitanda. Ule mstari aliokwangua Hamira ulikuwa umejengwa upya, juu ya chokaa nyeupe. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.

"Hamira, una mchwa," akasema.

Hamira akacheka. "Hao ni sisimizi, fundi. Nimepigana nao tangu wewe hujajua kushika msumeno."

"Sisimizi hali mlango."

"Mlango umezeeka tu."

"Na huu udongo ukutani?"

"Wanajikinga na siki yangu."

"Hivi ulishawaona lakini? Wana rangi gani?"

"Weupe, lakini ule ni unga."

Mama Randa alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Kwa hiyo wanaingia kwenye gunia, wanajipaka kama maharusi, halafu wanarudi kulala ukutani."

Mke wa Hamira akageuka upande, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Lakini fundi hakucheka. Alikuwa ameinua macho. "Huko juu kuna nini?"

"Magunia manane."

"Na chini yake wanalala nani?"

"Si unaona kitanda? Mabinti."

"Nipe ngazi niitazame hiyo boriti."

"Nina mikate kwenye tanuri na watu dirishani," akasema Hamira. "Na boriti ile usiitie maneno. Boriti ile itatuzika sote."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema Mama Randa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, chekecheke mkononi. Hakupandisha sauti.

"Wajukuu zangu watalala kwangu leo."

"Mama, na wewe umeogopa sisimizi?"

"Mimi sikuogopa. Mimi nimetegewa kitendawili, nami sijapata jibu. Mpaka nilipate, watoto watalala kwangu."

Hapo Hamira akakubali. Mama ni mama, hata kwa mwenye tumbo kubwa.

Mama Randa akatoa wazo. "Tusibishane. Tuwaulize wenyewe. Wewe unasema wanafuata sukari. Mimi nasema wanafuata mti. Leta sukari kijiko kimoja kwenye kisosi, na mimi nipe kipande cha boksi kuukuu, maana boksi nalo limetokana na mti."

Kisosi cha sukari kikawekwa chini ya dirisha. Boksi likaloweshwa maji kidogo, likakunjwa, likabanwa kwenye mstari wa udongo, mahali fundi alipouvunja kidogo. Fundi akalifunika kwa kopo ili mwanga usiingie. Karamu ilikuwa tayari: sukari kwa mgeni mmoja, na boksi kwa mgeni mwingine.

"Kesho asubuhi tutawasikiliza," akasema, akachukua mikate yake miwili.

Kesho yake fundi aliwakuta wote wakimngoja, na mabinti wakiwa na sare za shule. Walitazama kisosi kwanza. Msafara mweusi ulitoka dirishani, ukashuka ukutani mchana kweupe, ukaingia kwenye sukari bila aibu.

Hamira akashika kichwa. "Miaka kumi na saba."

"Umewaalika mwenyewe," akasema mkewe.

"Hawa ndio sisimizi," akasema Mama Randa. "Sasa tuwaone wale wengine."

Akaondoa kopo. Boksi lilikuwa limeshikamana na ukuta kwa udongo mpya. Alipolifunua, wadudu weupe wakatawanyika ndani ya mikunjo. Karatasi ilikuwa imeanza kutafunwa pembeni. Katika sukari hakukuwa na hata mmoja wao.

Fundi akaomba sahani na miwani ya Bibi ya kusomea. Akaweka mdudu mmoja mweusi na mmoja mweupe kwenye sahani, akaishika miwani juu yao ili wakue.

"Mkubwa, njoo. Tazama viuno vyao. Unaona nini?"

Binti mkubwa akainama. "Huyu mweusi kiuno chake chembamba sana. Kama amefunga mkanda akakaza. Huyu mweupe hana kiuno. Yuko sawasawa tu kutoka kifuani mpaka tumboni."

"Kama mimi," akasema Hamira kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Sisimizi ana kiuno, mchwa hana. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na ukisahau nyingine zote, hiyo usiisahau. Sasa tazama vile vinywele viwili vya kichwani wanavyopapasia."

"Vya sisimizi vimekunjika kama kiwiko," akasema mkubwa. "Vya mchwa vimenyooka. Ni kama shanga zilizotungwa."

"Mama yenu amenieleza alivyofagia mbawa, na alivyobishana na baba yenu juu ya kumbikumbi. Mmezitupa?"

Binti mdogo alifungua daftari lake la hesabu. Alikuwa amezihifadhi humo mbawa nne, zimelala kati ya kurasa. Mama Randa akazipanga kwenye sahani kwa ncha ya penseli.

"Zina urefu mmoja, mnaona? Mbawa nne za mchwa huwa zinalingana. Sisimizi naye huota mbawa, baba yenu hakukosea hapo. Ila za sisimizi za mbele ni ndefu na za nyuma ni fupi. Na si kila mchwa mwenye mbawa ni kumbikumbi mkubwa. Mchwa wako wa aina nyingi, na wapo wadogo kama hawa."

"Kwa hiyo ni ndugu, wakubwa na wadogo," akasema mke wa Hamira. "Lakini na sisimizi si ndugu yao pia?"

"Watu wengi hudhani hivyo. Ukweli, ndugu wa mchwa ni mende. Ndugu wa sisimizi ni nyuki na nyigu."

"Mende," akasema Hamira. Alichukia mende kuliko kitu chochote.

Bado hakuwa amekubali. Alichovya kidole kwenye maji, akamdondoshea mchwa tone moja, akamgeuza taratibu kwa ncha ya ukucha, kama mtu anayeosha mchele. Alitaka kuuosha ule unga. Wote walimngoja. Mchwa alilowa, akatikisa miguu, akabaki vile vile. Weupe ulikuwa wake.

Wakati huo sisimizi wa kwenye sahani alimkaribia, akamng'ata, akaanza kumburuta.

"Na huyu mweusi humla yule mweupe," akasema Mama Randa. "Ni maadui tangu zamani. Miaka yote umemfukuza askari kwa sababu aliomba sukari kijiko kimoja."

Hamira aliiweka sahani chini. Alitoka nje. Aliporudi, alikuwa ameibeba ngazi begani.

Mama Randa hakukimbilia kupanda. Kwanza alikwenda kwenye karakana yake, akaleta nguzo mbili nene. Alizisimamisha pande mbili za kitanda, akazikaza chini ya boriti kwa vipande vya mbao. Ndipo akapanda na bisibisi. Kwa nje boriti ilikuwa nzima, nyeusi, yenye heshima zake. Akaiweka ncha ya bisibisi karibu na ukuta, akasukuma kwa mkono mmoja. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye mkate wa moto.

Hamira aliiona kwa macho yake.

"Nitayashusha mimi magunia," akasema.

"Wewe baki chini upokee. Leo uzito wako si wa kujivunia."

Mama Randa alisimama kwenye ngazi, akayavuta magunia moja moja hadi ukingoni. Hamira aliyapokea kwa mabega, mkewe akayaburuta hadi dukani. Gunia la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Fundi alipogusa la tano, walisikia mlio. Ulikuwa kama mkate mkavu unapovunjwa. Boriti ilikatika upande wa ukutani, ikashuka kiasi cha kiganja, ikaangukia juu ya nguzo. Nguzo zikashika.

Vumbi lilipotulia, waliona kitanda. Udongo ulikuwa umemwagika juu ya shuka. Kipande cha boriti, kikubwa kama mkate mzima, kilikuwa kimelala katikati ya mto wa binti mdogo.

Hamira alikiokota. Kilikuwa chepesi kama sifongo. Nje kulikuwa na ganda la mti, na ndani kulikuwa na vyumba na vichochoro vya udongo.

"Nilisema itatuzika sote," akasema.

"Ilitaka kuanza na wadogo," akasema mama yake.

Hamira aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kile kipande mapajani. Baadaye aliinua kichwa. "Fundi, nifundishe. Wameingilia wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali la kuulizwa. Mama Randa alizunguka nyuma ya nyumba, wote wakamfuata. Kuni za tanuri zilikuwa zimepangwa vizuri sana, zimeegemea ukuta wa chumba cha mabinti, zimelala juu ya udongo. Bomba la maji ya kuoshea treya lilikuwa likivuja hapo hapo. Fundi akauvuta ukuni wa chini kabisa. Ulimeguka mkononi, umejaa mchwa.

"Hapa ndipo walipopikiwa," akasema. "Mti, udongo na unyevu, vyote mahali pamoja. Mchwa huyu hutoka ardhini. Akipanda ukutani hujijengea njia ya udongo, kwa sababu hapendi mwanga na hewa kavu humuua. Ukiikwangua njia na kupaka chokaa, umefuta nyayo za mwizi, mwizi mwenyewe yumo ndani."

"Niwamwagie dawa leo leo," akasema Hamira.

"Hapana. Dawa ya mchwa ni sumu, na wewe unapika chakula cha watu. Yuko mtaalamu wa kazi hiyo. Atachimba mfereji kando ya ukuta na kutia dawa kwa kipimo chake, unga ukiwa umehamishwa. Wewe leo hamisha kuni na uzibe bomba. Hiyo kazi haina sumu."

Hamira hakungoja jioni. Alifunga dirisha la duka, jambo ambalo mtaa haukulizoea. Yeye na mkewe wakazihamisha kuni mbali na ukuta, wakazipanga juu ya vyuma vilivyoinuliwa kwa matofali, hewa ipite chini. Kuni zilizooza walizitia kwenye tanuri zikiwa na wakazi wake. Bomba likazibwa. Wiki iliyofuata mtaalamu wa dawa alikuja, akavaa glavu na barakoa, akafanya kazi yake kando ya ukuta.

Mama Randa aliweka boriti mpya ya mti uliotiwa dawa, na fremu mpya ya mlango. Lakini magunia hayakurudi darini. Yalikaa dukani juu ya chaga la chuma, mbali kidogo na ukuta, ili mtu aweze kumulika nyuma yake. Kila Jumamosi Hamira alizunguka nyumba na tochi. Alitazama pembe za sakafu. Aligonga kila fremu kwa mpini wa kisu, sikio likiwa karibu na mti: ko, ko. Mabinti walirudi chumbani mwao.

Mvua zilirudi mwaka uliofuata. Mke wa Hamira alifagia chini ya dirisha, akatazama nyuma ya kitanda. Ukuta ulikuwa mtupu.

Siku hizi, ukienda kununua mkate pale, utaona chupa mbili ndogo dirishani. Katika moja mna sisimizi, katika nyingine mna mchwa. Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa kwenye foleni, akimlalamikia mwenzake.

"Nyumbani kwangu sisimizi wamenichosha. Wamejaa kwenye fremu ya dirisha."

Hamira akaacha kufunga mikate. "Mama, samahani. Hao sisimizi wako, viuno vyao uliviona?"

Foleni nzima ikacheka. Hamira akazisogeza zile chupa mbele. "Chekeni, kisha tazameni. Mimi niliwahi kumwosha mchwa nikidhani ana unga."

Nyuma yake, karibu na tanuri, binti mdogo alikuwa amemshika Bibi kiwiko. Safari hii mtegaji alikuwa yeye.

"Kitendawili."

"Tega, mjukuu wangu."

"Nina wageni wawili. Mmoja hula ninachopika, mwingine hula ninapolala."

Bibi alijifanya kufikiri. Alitazama juu, akakuna kidevu, akachekecha unga kidogo. "Hicho ni kigumu. Nakupa mji."

"Sitaki mji, Bibi. Jibu lako liko dirishani."